Jibu kwa dada wa Shela anayeogopa daktari wa meno

Pole sana dada. Umesema gego linakuamsha usiku, na ukifika mlango wa kliniki huko Amu (mji wa Lamu) unageuka, kwa kuwa utotoni ulishikwa kwa nguvu ukang'olewa jino. Hofu hiyo ina asili yake, usijilaumu.

Nenda asubuhi, umeshakula, kabla hujashinda kutwa ukiwaza. Mweleze daktari yaliyokupata, na mkubaliane kwamba ukiinua mkono wa kushoto anasimama papo hapo. Muulize kama ana ganzi ya kupaka kwenye ufizi kabla ya sindano, na umwombe adunge polepole. Jino likisukumwa utahisi, lakini maumivu makali ukiyahisi sema, ataongeza dawa. Jambo ambalo wengi hawaambiwi: jino lenye usaha ganzi hulishika kwa shida, kwa hiyo kungojea ndiko kunakokuzidishia unachokiogopa.

Karafuu hutuliza tu, haitibu. Aspirini usiibandike kwenye ufizi, huunguza.

Shavu likivimba, homa ikipanda au kinywa kikawa hakifunguki vizuri, panda boti siku hiyo hiyo uende Hospitali ya King Fahd, hapo Amu. Kumeza au kupumua kukiwa shida, hata usiku ondoka.