Ukipewa namba kubwa, uliza kwanza imetoka wapi

Wengi wakikutana na namba kubwa hukimbilia kugawanya: kwa 3, kwa 7, kwa 11, mpaka mkono unachoka. Nimekuwa nikichambua namba kwa kalamu na karatasi kwa muda mrefu, na ushauri wangu ni huu: ijue kwanza asili yake.

Chukua 4,294,967,297. Inaishia na 7, hivyo 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo imetoka. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia ninayoipenda sana, kwa kuwa 7 × 11 × 13 ni 1,001. Kata namba katika makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na ujumlishe kwa kupokezana: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoigawa 380 bila baki, kwa hiyo hata namba yetu haigawanyiki kwazo. Umezimaliza zote kwa mkupuo.

Ila huwezi kufika mbali hivyo. Namba ikigawanyika, kigawo chake kimoja hakizidi kipeuo chake cha pili; cha namba hii kinapita kidogo tu 65,536, na chini ya hapo zipo namba tasa (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) 6,542 za kujaribu.

Sasa tazama asili: ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba namba za ukoo huu, zenye vipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, zote ni tasa. Tano za mwanzo ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Mwanahisabati Leonhard Euler akaivunja ya sita, yaani namba yetu hii, mwaka 1732.

Siri iko kwenye mabaki. Tuseme p ni kigawo tasa cha namba hii. Zidisha 2 kwa 2 tena na tena, ukiangalia baki la kugawanya kwa p: kwenye kipeo cha 32 baki ni sawa na −1, kwa hiyo baki la 1 hurudi kwa mara ya kwanza kwenye kipeo cha 64, kisha kila baada ya hatua 64. Kanuni ya Fermat mwenyewe inasema baki hilo hutokea pia kwenye kipeo cha p − 1. Basi p − 1 lazima iwe kigawe cha 64. Hapo huwa nasisimka kila mara, maana maelfu yale yamepukutika, na za kujaribu kwanza ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano inakubali: 641 × 6,700,417.

Usiishie hapo, jiulize kama 6,700,417 nayo ni tasa. Kigawo chake chochote ni kigawo cha namba kubwa pia, kwa hiyo sharti la 64 linakibana vilevile. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na zile nne za mwanzo zimeshakataa. Zinabaki 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Gawanya kwa kila moja, kwa mkono: zote zinaacha baki. Ni tasa, na 4,294,967,297 ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.