Mkate wa haraka bila hamira: washa sigiri kwanza

Watu wakiniuliza habari za mkate usiotiwa hamira, swali la kwanza huwa vipimo. Mimi huwauliza kwanza kama makaa yameshika. Mkate huu hauna subira. Hamira unaiachia saa nzima au zaidi, unga ukaumuka polepole huku wewe ukifua nguo. Huu unainuliwa na soda ya kuokea, nayo haingoji. Ikigusana tu na kitu kichachu inaanza kutoa gesi ya kaboni dioksidi hapo hapo, na gesi hiyo ndiyo itakayouinua mkate. Ukichanganya unga kisha ndiyo uanze kutafuta kiberiti, gesi itakuwa imeshatoroka, nawe utatoa jikoni kitu kizito cha kuvunja meno.

Kwa hiyo moto mwanzo. Sisi wa huku Busia, Uganda, wengi hatuna oveni, na wenye nayo wanaijua bili ya umeme. Sigiri inatosha kabisa. Chukua sufuria kubwa ya zamani, ile nzito ambayo huioneshi wageni, utie mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili hivi. Funika, weka juu ya makaa, uache mchanga upate moto kwa robo saa. Sufuria ndogo au bati la kuokea litakaa juu ya mchanga huo. Kifuniko kiwe bapa, kwa sababu nacho kitabeba makaa. Hapa watu hukosea sana: moto wa juu uzidi wa chini. Chini bakiza makaa machache tu. Mchanga unashika joto na kulisambaza. Ukijaza makaa chini, kitako kitaungua na uso utabaki mweupe kama haujapikwa.

Sasa unga. Nusu kilo ya unga wa ngano wa kawaida, usiwe ule unaouzwa ukiwa umeshatiwa bekingi pauda. Kijiko kimoja cha chai cha soda, kisawazishwe, na kijiko kingine cha chumvi kisichojaa. Chekecha vyote pamoja, tena usione uvivu, maana tonge dogo la soda lisiloyeyuka huacha doa la kahawia lenye uchungu. Na usiongeze soda ukidhani mkate utapanda zaidi. Utapanda kidogo kisha utanuka sabuni.

Nasema soda ya kuokea, ile ya unga mweupe laini ya kwenye pakiti. Magadi ya mawe tunayolainishia maharage ni kitu kingine, yana ukali mwingi mno. Hayaingii kwenye mkate.

Uchachu unatoka kwenye maziwa ya mgando, bongo hiyo hiyo ya dukani, isiyo na sukari wala ladha ya stroberi. Kikombe kimoja na nusu hivi. Kama ni nzito sana, izimue kwa maji kidogo. Huna bongo? Kamulia kijiko kikubwa cha ndimu au siki kwenye kila kikombe cha maziwa ya kawaida, yaache dakika 10 yakatike. Nayo yanafanya kazi, ingawa kwa ladha mimi nabaki na bongo. Mwenye bekingi pauda peke yake hahitaji uchachu wowote, kwa kuwa asidi imo humo ndani tayari: vijiko vinne vya chai kwa unga huo huo, na maziwa ya kawaida.

Fanya shimo katikati ya unga, mimina maziwa, koroga kwa vidole vilivyotanuliwa mpaka unga mkavu usionekane tena. Basi, acha. Kijana wa rolex, ile chapati inayoviringwa na mayai, anayekanda unga wa chapati kila alfajiri angeuharibu mkate huu kwa ustadi wake mwenyewe, maana chapati inataka unga unaovutika, na huu ukivutika umeshakuwa mgumu. Unga utanatanata mikononi na utaonekana wa ovyo ovyo. Uache hivyo hivyo. Nyunyiza unga mkavu juu, uviringishe kidogo, ulaze kwenye bati, kisha uchanje msalaba mrefu kwa kisu, karibu nusu ya kina. Waayalandi, ambao wameoka mkate wa soda tangu karne ya 19, huchanja hivyo hivyo, na kazi yake kubwa ni kupitisha joto hadi katikati ili mkate usibaki mbichi moyoni.

Funika, panga makaa juu, usichungulie kwa nusu saa. Baada ya hapo tazama: kama uso umeshakauka na kubadilika rangi, punguza makaa ya juu, uache tena kwa dakika 10 au 15. Utoe, uugeuze, ugonge kitako kwa kidole. Ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Ukitoa mlio mzito wa kufa, urudishe. Ukipenda ukoko laini, uviringe kwenye kitambaa safi ungali moto.

Uganda inalima ngano kidogo, hasa huko Kapchorwa na Bukwo, lakini nyingi tunayokula inatoka nje, kwa hiyo bei ya unga ikipanda mimi huondoa robo ya ngano na kuweka unga wa wimbi. Mkate unakuwa mweusi mweusi, una ladha ya kokwa, na watoto wanaula na mchuzi wa karanga bila kuulizwa mara mbili. Zaidi ya robo sishauri: wimbi halina gluteni ya kushikilia ile gesi, mkate unamomonyoka kabla haujafika mdomoni. Wimbi linakunywa maji pia, basi ongeza bongo kijiko kimoja kimoja.

Uule siku hiyo hiyo. Kesho yake unakauka, hilo halina dawa, ila vipande vikichomwa kidogo juu ya makaa ya chai ya asubuhi vinalika vizuri tu, hasa kama kuna maharage yaliyolala.