Python ya Ubuntu iacheni kama ilivyo

Wadogo zangu mnaoanza programu hapa Mbeya, wiki hii nimeletewa tena laptopu yenye tatizo lile lile: mtu kaichezea Python (lugha ya programu) iliyokuja na Ubuntu, mfumo endeshi wa laptopu yake. Nawapenda, lakini hili tulimalize leo.

1. Msiiguse Python iliyokuja na mfumo. Ubuntu toleo la 22.04 ina Python 3.10, na 24.04 ina 3.12, na mfumo wenyewe unaitegemea. Kijana mmoja wa geto la Iyunga alikuwa na 22.04, mwalimu akataka 3.12. Akaisakinisha, sawa kabisa. Kisha akakigeuza kiungo cha /usr/bin/python3, ambacho mfumo hukitumia kuipata Python yake, kielekee 3.12. Toleo jipya likaonekana, akafurahi. Kufungua terminali nyingine, wapi! Anabofya, ikoni inazunguka kidogo, kimya. Terminali ya Ubuntu 22.04 huamshwa na skripti ya Python inayotegemea maktaba zilizojengwa kwa 3.10 tu. Apt, programu ya kusakinisha vitu kwenye Ubuntu, nayo ikaanza kulalamika kwamba haioni apt_pkg, moja ya maktaba hizo, kwa sababu hiyo hiyo.

Hapo dawa ilikuwa mstari mmoja: kubonyeza Ctrl+Alt+F3 kupata skrini ya maandishi, kuingia, na kurudisha kiungo kwenye python3.10. Yeye akaandika sudo apt remove python3 ili aanze upya. Ikaja orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka, ubuntu-desktop (madirisha na ikoni za Ubuntu) ikiwemo. Hakuisoma, akabonyeza Y. Alipowasha tena akakuta skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Alinifikia usiku, baridi ya Juni na jasho linamtoka: “Dada, mradi wangu nakabidhi kesho!” Tuliwasha kwa flashi ya Ubuntu, tukaokoa mafaili yake, tukasakinisha mfumo upya hadi alfajiri. Jamani, someni orodha kabla ya Y. Nawaomba sana.

2. Kila mradi na venv yake, yaani folda yenye Python na pakeji za mradi huo tu: python3.12 -m venv .venv. Msiibebe kwenye flashi kumpa mwenzenu, njia za mafaili zimeandikwa humo ndani na kwake haitafanya kazi. Mpeni requirements.txt, faili lenye orodha ya pakeji za mradi.

3. Mkihitaji matoleo mengi ya Python, programu ya pyenv ni nzuri, ila huijenga Python kuanzia kwenye msimbo wake wa chanzo. Wekeni kwanza libssl-dev na zlib1g-dev; bila ya kwanza, pip (kisakinishi cha pakeji za Python) haitashusha kitu kwa https. Kwenye laptopu dhaifu, umeme ukikatika katikati ya ujenzi na betri imechoka, mnaanza upya. Siku hizi nawashauri uv, programu nyingine ya kazi hiyo: inashusha Python iliyokwisha kujengwa, na uv python install 3.12 inatosha.

4. Ubuntu 24.04 ikiwakatalia pip kwa ujumbe wa externally-managed-environment, rudini namba 2. Msilazimishe kwa --break-system-packages hata kama video imewaambia.

5. Andikeni python -m pip, msiandike pip peke yake. Mtajua pakeji inaingia kwenye Python ipi.

6. Somo lenye print bila mabano ni la Python 2, ambayo iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Lifungeni, tafuteni jingine.