Wasomaji Wanauliza: Ekseli Inakatika, Mlango Unabana

SWALI: Nimejenga hotirodi (gari la zamani lililowekewa injini yenye nguvu) juu ya chasi ya Ford Model A ya 1930, nikafunga injini ya V8 na difu (sehemu ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu) la gari jingine, la springi za majani. Ekseli ya ndani upande wa kulia imekatika mara mbili, na nikikanyaga mafuta mlango wa dereva unabana. Nitafute ekseli nene zaidi?

JIBU: Usinunue bado. Chukua vile vipande vilivyokatika uviangalie. Meno ya mwisho wa ekseli yakiwa yamejisokota kama kamba, ekseli imezidiwa na nguvu ya injini. Hapo nene itafaa. Lakini sehemu iliyokatika ikiwa laini, ina mawimbi yanayoanzia ukingoni, na kipande kidogo tu kimechanika kwa kukwaruza, chuma kimechoka kwa kupindwa kila gurudumu linapozunguka. Ekseli nene itachelewa kukatika, basi. Na upande uleule mara mbili? Tunashuku nyumba ya ekseli, yaani bomba linaloifunika, imepinda.

Mara nyingi hutokana na kuchomelea viti vya springi (vibao ambavyo springi hukalia) kwa moto mwingi upande mmoja wa bomba: weldi ikipoa husinyaa na kuvuta ncha ya bomba. Inua nyuma, uweke stendi chini ya nyumba. Zungusha kila tairi huku umeshika chaki ili uchore mstari katikati yake, kisha tia alama moja juu ya mstari. Alama zote mbili zikiwa mbele, usawa wa kitovu, pima umbali kati yake. Zirudishe nyuma, upime tena. Kwa kutumia alama zilezile, rimu iliyopinda haitakudanganya. Tofauti ikizidi milimita 2, nyumba inyooshwe kabla ya ekseli mpya kuingia. Angalia pia senta bolti za springi, zinazoishikilia ekseli mahali pake. Ikikatika, ekseli yote husogea.

Mlango ni habari ya chasi. Reli za Model A, ile mihimili miwili mirefu ya chasi, zina umbo la C na zilibeba injini ya nguvu farasi 40. Umbo hilo hubeba uzito vizuri, ila husokoteka kirahisi. Pima pengo la mlango juu na chini, piga jeki reli ya mbele upande mmoja mpaka gurudumu liachie sakafu, upime tena. Pengo likibadilika waziwazi, reli zinajisokota. Tafuta mstari mwembamba wa kutu penye ribiti za krosimemba (vyuma vinavyounganisha reli hizo mbili): huo ni ufa. Toboa tundu la milimita 5 kwenye ncha yake kwanza, ndipo uchomelee.

SWALI: Nikiziba upande wazi wa reli ya C kwa bati ili isisokoteke, nichomelee mfululizo?

JIBU: Hapana, reli itapinda kama upinde. Tumia bati la milimita 3, funga chasi kwenye meza imara, choma sentimita 3, ruka upande wa pili, acha ipoe. Mwisho wa bati ukate kama mdomo wa samaki. Ukikatwa mraba, ufa utaanzia hapohapo. Kila baada ya mizunguko michache pima chasi kona kwa kona. Vipimo viwili visipishane zaidi ya milimita 3.