Imejuaje Hiyo? Majibu ya Maswali Yenu ya Wiki Hii

Maswali yamekuja mengi safari hii na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, simu imesema hivi, je niamini? Nimechukua matano. Msimamo wangu mnaujua, simu ni kitu kizuri na itumike, ila kabla hujatoa hela, hujapanda au hujameza kitu kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye skrini, uliza kwanza imejuaje hiyo.

Habari mwalimu. Kijana wangu kamaliza form four yuko nyumbani, kaiuliza AI mahindi tupande lini ikamjibu msimu wa masika, kuanzia Machi. Mimi miaka yote napanda mwishoni mwa Novemba. Ananiambia baba umepitwa na wakati. Nani yuko sahihi? (Mkulima, Vwawa)

Nzuri mzee wangu. Uko sahihi wewe, usihame kwenye Novemba yako. Ila usimpige marufuku kijana kuuliza, maana hapa ana kitu kikubwa cha kujifunza, na naomba umsomee jibu hili lote.

Hizi programu hazijawahi kukanyaga udongo wa Vwawa. Zimelishwa maandishi mengi mno, halafu ukiuliza zinatunga jibu kwa kukisia neno gani huwa linafuata neno gani kwenye yale ziliyolishwa. Sasa mengi yaliyoandikwa kuhusu mvua za Tanzania yanasema vuli ni Oktoba mpaka Desemba na masika ni Machi mpaka Mei, na ni kweli kabisa kwa watu wa Pwani, Tanga, Kilimanjaro, Arusha mpaka Kagera huko. Sisi wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe tuna msimu mmoja mrefu, inaanza kunyesha Novemba inakuja kukata Aprili au Mei, na hata TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wakitoa utabiri wanatutenganisha, vuli kivyake, masika kivyake, na sisi tunaitwa watu wa mvua za msimu. Mashine imechukua kalenda ya wengine ikakupa wewe. Na kwa baridi yetu hii mahindi yanakaa shambani miezi mitano mpaka sita, ukipanda Machi mvua inakata ndo kwanza yanatoa mbelewele, utavuna mabua.

Mwambie aiulize tena, safari hii aandike "Vwawa mvua ni msimu mmoja au miwili?" Kuna uwezekano mkubwa itaomba radhi na kugeuza jibu hapohapo. Kisha aibishie kwa makusudi, aiambie jirani anasema tupande Juni, aone kama itasimama na msimamo wake au itaanza kumkubalia. Akishaona hilo kwa macho yake ataelewa mwenyewe, wewe huna haja ya kugombana naye.

Kingine ni mbolea, na hapa watu wanaumia sana. Maandishi mengi ya kitaalamu yanatoa kipimo kwa hekta, sisi tunahesabu ekari, na hekta moja ni kama ekari mbili na nusu. Ukiambiwa kilo 125 na hukuangalia kwamba ni za hekta, ukazimwaga zote kwenye ekari moja, umemwaga mifuko miwili na nusu pahali pa mfuko mmoja wa kilo 50. Jibu limekuja safi, limepangwa vizuri, Kiswahili kizuri, na hela ya mfuko mmoja na nusu imeenda. Kwa hiyo kila namba anayopewa aulize ni kwa hekta au ekari, ni mbolea gani, ya kupandia au ya kukuzia, halafu aende nayo kwa bwana shamba wa kata au mkipata nafasi mfike kituo cha utafiti wa kilimo Uyole. Wale ukiwauliza wamejuaje wanaweza kukupeleka kwenye shamba la majaribio ukaone.

Mteja kanionyesha SMS ya muamala kwenye simu yangu, anasema hela imeingia, ana haraka gari inamwacha stendi. Nimpe mzigo? (Dukani, Mwanjelwa)

Usimpe. Angalia salio lako kwanza kwa kupiga menyu mwenyewe, siyo kwa kusoma ile SMS, maana SMS mtu yeyote anaweza kuiandika na kukutumia. Angalia pia imetoka wapi, kama imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu wakati zako zote huwa zinakuja kwa jina la huduma, hapo hakuna hela. Mteja mkweli atasubiri dakika mbili hata kama ana haraka. Na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" usizijibu wala usizitukane, zifowadi kwenda 15040.

Ndaga mwalimu. Kwenye grupu letu kuna voice inasema NASA wametangaza usiku wa leo kutakuwa na tetemeko kubwa ukanda wa Rungwe, tulale nje, na tuitume kwa watu kumi. Watoto hawalali kwa hofu. (Mama, Tukuyu)

Ndaga mama, pole kwa watoto. Lala ndani.

Hofu yenu ina msingi na sitaki mtu awacheke. Tuko kwenye Bonde la Ufa, matetemeko huku yapo, na Mlima Kiejo hapo Rungwe ulitoa lava miaka kama 200 tu iliyopita, kwa umri wa milima hiyo ni juzi. Anayetunga hizi voice anachukua kitu cha kweli mnachokijua, anakishonea uongo juu yake, ndo maana zinaingia moyoni haraka. Uongo wenyewe uko kwenye ile "usiku wa leo". Hakuna mwanasayansi duniani mwenye uwezo wa kutaja siku na saa ya tetemeko, wale wa Marekani wanaofuatilia matetemeko ya dunia nzima, USGS, wanasema wazi kwamba hawajawahi kutabiri tetemeko kubwa hata moja na hakuna mwingine aliyewahi. Wanachoweza ni kusema eneo fulani lina uwezekano kiasi fulani kwa kipindi cha miaka mingi. Na NASA kazi yao kubwa ni mambo ya anga.

Sasa isikilize ile voice tena. Leo ya tarehe ngapi? Mara nyingi haitajwi, ndo maana voice ya namna hiyo inazunguka mwaka huu ikirudi mwaka kesho bado ni "leo". Msemaji ni nani, ana cheo gani, anapatikana wapi? Halafu angalia juu ya ujumbe kama kuna vimishale viwili, WhatsApp wanaviweka ujumbe ukishafowadiwa kupita mikono mingi, maana yake aliyekutumia naye hajui ilikotoka. Na hiyo ya kutuma kwa watu kumi, mama, taarifa ya kweli ya hatari haihitaji sharti. Waonyeshe watoto haya mambo manne, wasikilize voice pamoja na wewe, wakiishika wenyewe inavyodanganya watalala.

Kamwene mwalimu, na shikamoo. Nipo kidato cha tatu Iringa mjini. Tumepewa kazi kuhusu Mkwawa, nimetumia ChatGPT ikanipa insha nzuri sana ina mpaka hotuba aliyowapa askari wake kabla ya vita ya Lugalo. Rafiki yangu anasema ni wizi, mimi naona ni kusoma tu. (Mwanafunzi)

Marahaba mwanangu, kamwene. Suala la wizi mwalimu wako ndiye mwenye sheria za darasa lake, kamuulize. Mimi nataka kushika hiyo hotuba.

Lugalo ni tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walivizia kikosi cha Wajerumani wakakivunja na kamanda wao Zelewski akafa. Hayo yameandikwa, na Wajerumani waliyaandika wao wenyewe kwenye ripoti zao. Sasa hotuba uliyopewa iko ndani ya alama za kunukuu, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Mkwawa alikuwa anazungumza na watu wake kwa Kihehe. Nani alikuwepo pale akaiandika? Aliitafsiri nani? Iko ukurasa gani wa kitabu gani? Iulize hivyohivyo, na ikikupa jina la kitabu usishangilie bado, nenda maktaba ukakitafute, kwa sababu inaweza kutunga hata kitabu. Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani hoja zenye kesi zilizotungwa na ChatGPT, kesi zina majina, zina tarehe, na hazikuwahi kuwepo, jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Na walikuwa watu wazima wenye digrii zao.

Fanya hivi. Andika insha yako mwenyewe kwanza, hata kama mbaya. Ukishamaliza mpe AI uiambie ikutafutie pale ulipodai kitu bila ushahidi. Hapo itakufaa, inakuwa mtu wa kukubishia, na kazi ya kufikiri inabaki kwako, maana chumba cha mtihani wa NECTA utaingia bila simu. Na wewe una bahati ambayo mwanafunzi wa Mwanza hana, Kalenga iko hapo jirani, kuna makumbusho na fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Panda daladala uende na daftari, waulize wale wazee wa pale walisimuliwa nini na nani, uandike na majina ya waliokusimulia. Insha hiyo hakuna wa kukutungia.

Baba mkwe ana kisukari. Kapata video kwenye simu, mtu kavaa koti jeupe anasema uchemshe majani fulani siku 21 uache vidonge vyote. Ameanza kuacha. Mimi ni mkwe, nitasemaje? Kwenye grupu la familia wote wamejibu amina. (Makambako)

Hili ndilo lililonifanya nijibu haraka, usilisubirishe dada yangu.

Kwenye grupu usiandike kitu, utamvunjia heshima mbele ya watoto wake na atashikilia zaidi. Mwambie mume wako leo, yeye na wifi mkubwa ndio waende, wakae naye, wasimwambie amedanganywa. Wamuulize kwa heshima, baba, huyu daktari anafanya kazi hospitali gani tumpigie? Amepima wagonjwa wangapi, sukari ilikuwa ngapi kabla na ngapi baada? Koti jeupe linauzwa sokoni. Baba ni mtu mzima amelea familia na kununua mashamba, hajawahi kununua shamba bila kujua mipaka na muuzaji, akiulizwa hivyo atajiuliza mwenyewe.

Lakini asiendelee kukaa bila vidonge wakati mnabembelezana. Sukari inaweza kupanda mpaka mtu akapoteza fahamu. Wampeleke zahanati kesho asubuhi wapime, na majani yake wayabebe wamwonyeshe daktari, maana mengine yakichanganywa na dawa yanashusha sukari kupita kiasi. Kama anakojoa sana, ana kiu isiyoisha au ameanza kuchanganyikiwa, msisubiri kesho, nendeni usiku huuhuu.