Nasikia Sauti, Maneno Siyasikii

Umeme ulikatika usiku, mke wangu akauliza, "Taa iko wapi?" Nikamjibu, "Si hiyo hapo ukutani?" Mimi nilisikia saa. Yeye alicheka.

Nina miaka 11 kwenye mashine ya kusaga na kukoboa, na muda wote huo nilikuwa nawalaumu wengine: vijana wanameza maneno, televisheni ina spika mbovu. Kumbe tatizo ni langu. Sauti ya mtu naipata vizuri. Zinazonipotea ni s, t na f, herufi hafifu zenye masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, wakati irabu zina nguvu na ziko chini. Na Kiswahili hapo hakina huruma: saa, taa, faa, paa.

Kelele za mashine huanza kulila sikio kati ya hetsi 3,000 na 6,000 (hetsi hupima wembamba wa sauti), mara nyingi shimo likiwa kwenye 4,000. Kwa hiyo mtu akikupigia makofi kisogoni ukageuka, hajakupima chochote. Kofi lina sauti za kila namna ndani yake.

Ukienda kupima, ulizia kwanza kama wana chumba kisichopitisha sauti. Mimi mara ya kwanza nilivishwa hedifoni koridoni, milango inabamizwa, feni inanguruma. Majibu yakaonyesha hata sauti nene nimezipoteza. Ile ilikuwa feni! Niliporudia kwingine, ndani ya kibanda kimya, sauti nene zilikuwa salama kwenye desibeli 15, kipimo cha ukubwa wa sauti: namba ikipanda, ujue sikio linahitaji sauti kubwa zaidi. Kwenye 4,000 ndiko nilikofika 55.

Usiende ukitoka kazini. Sikio lililochoshwa na kelele husikia pungufu kwa saa kadhaa, hivyo nenda asubuhi, umelala pakimya. Nta ya masikio nayo itazamwe kabla. Ukiwa ndani, bonyeza kitufe hata kama mlio ni wa kudhania tu, maana wanatafuta pale unapoanza kusikia, si pale unaposikia raha. Wakikuwekea kidude kwenye mfupa nyuma ya sikio usishangae: kinapeleka mtetemo moja kwa moja sikio la ndani, wajue kama hitilafu iko huko au njiani. Na usiulize umepoteza asilimia ngapi. Desibeli si asilimia, na sifuri yake si ukimya. Ni wastani wa vijana wenye masikio mazima.

Hata mwenye majibu mazuri asivimbe kichwa. Mwaka 2009 watafiti wa Boston, Kujawa na Liberman, waliwapigia panya kelele. Vipimo vyao vya kusikia vilirudi karibu na kawaida, lakini viunganishi vingi vya neva vilikuwa vimekufa moja kwa moja. Tangu nisome hilo vijana wangu wote wanavaa vizibo vya masikio. Seli za sikio la ndani zikishakufa kwetu hazioti tena. Kwa kuku zinaota. Kuku!

Kitu cha mwisho nilichoomba ni kupimwa kwa maneno, na maneno yenyewe yawe ya Kiswahili. Mtaalamu akaziba mdomo kwa karatasi nisimsome midomo, akaanza kusoma, mimi narudia. Meza, nikapata. Moyo, nikapata. Akasema saa.

Nikasema paa.