Sheki ya protini: mbona nakunywa na naongezeka?

*Shikamoo mama. Nina miaka 34, niko Tabata, natoka nyumbani saa moja, kazi yangu ni ya kukaa dirishani kupokea malipo tangu asubuhi mpaka jioni. Desemba mdogo wangu anaolewa na sare tumeshapimwa. Nilikuwa na kilo 84. Mwalimu wa jimu akaniambia nikinywa sheki ya protini nitapungua, akaniuzia kopo la gramu 900 kwa shilingi 120,000. Leo ni wiki ya sita, niko kopo la tatu, na mizani inasoma 86. Kila usiku baada ya kula natia kwenye blenda vijiko viwili vya poda, maziwa freshi kikombe kikubwa, ndizi mbivu mbili, vijiko viwili vya siagi ya karanga na viwili vya asali. Chakula sili sana: asubuhi chai ya maziwa na maandazi mawili, mchana wali maharage wa mama ntilie, usiku ugali na samaki. Tumbo nalo linanguruma usiku kucha. Poda ni feki, au mwili wangu una tatizo?*

Marahaba mwanangu. Mwili wako hauna tatizo, na poda yako huenda ni nzima kabisa.

Barua yako niliisomea jikoni. Hesabu za kichwani siziamini, kwa hiyo nilitoa mizani yangu ya kupimia unga wa keki nikaitengeneza sheki yako kama ulivyoandika. Poda niliiba kwa mwanangu wa kiume, anayenyanyua vyuma. Vijiko viwili vya kopo, vikifutwa juu, gramu 60: kalori kama 240. Maziwa mililita 300: 180 na kitu. Ndizi mbili: 210. Siagi ya karanga: 190. Asali: karibu 130. Jumla inagonga 950, na hapo nilifuta kijiko. Nilipochota kwa mkono wa ukarimu, vile ambavyo nina hakika wewe unachota, kijiko cha gramu 30 kikabeba 40 na zaidi.

Sasa nikwambie jambo ambalo mwalimu wako wa jimu hawezi kulijua. Nimefanya kazi wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali miaka kumi na moja. Mtoto akiingia anaanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, mepesi, mpaka mwili utulie. Akishatulia, anahamishiwa F-100, na hiyo ndiyo ya kumrudishia mwili. Jina limetokana na nguvu yake: mililita 100, kalori 100. Nimeona mtoto aliyeletwa mgongoni hana uzito wa kanga iliyombeba akipata mashavu ndani ya wiki chache kwa maziwa hayo. Nikaipima sheki yako kwa kipimo kilekile. Kila mililita 100 ina kalori kama 140. Unajinenepesha kwa kinywaji kizito kuliko kile nilichokuwa nawapa watoto ili wanenepe, tena unakinywa juu ya ugali, halafu unakwenda kulala.

Basi msaada wake uko wapi? Upo, na sitaki uende ukamrushie mtu makopo yake. Protini hushibisha kuliko wanga na mafuta. Pia inaugharimu mwili kuimeng'enya: katika kila kalori 100 za protini, 20 hadi 30 zinaishia kwenye kazi hiyohiyo, wakati za wanga ni 5 hadi 10 na za mafuta hazizidi 3. Kubwa zaidi, mtu anapopungua hapungui mafuta tu, anapoteza na misuli. Ndiyo maana unamwona mtu amekonda haraka, uso umeshuka, mikono imelegea, na kupanda daraja la mwendokasi anahema kuliko alipokuwa mnene. Protini ya kutosha pamoja na mazoezi ya kubeba uzito huilinda hiyo misuli. Lakini hakuna chembe ndani ya poda inayokwenda kutafuta mafuta tumboni na kuyayeyusha. Ni chakula. Nyingi ya poda hizo hutokana na yale maji ya kijanikijani unayoyaona juu ya mtindi uliokatika, yanayobaki wakitengeneza jibini. Yanakaushwa, yanatiwa ladha ya vanila, yanafungwa kwenye kopo lenye picha ya mwanamume asiye na shingo.

Na ndiyo hayo yanayokungurumisha tumbo. Watu wazima wengi wa kwetu hatuna uwezo mkubwa wa kumeng'enya sukari ya maziwa, nawe umetia poda ya maziwa ndani ya maziwa. Mtindi mara nyingi unavumilika zaidi.

Tatizo lako halisi liko asubuhi. Mtu wa kilo zako anayepunguza mwili, ningempangia kama gramu 100 za protini kwa siku, yaani 1.2 kwa kila kilo. Sahani zako za kutwa nimezikadiria zinakupa kama 50. Ugali na samaki ndio wanaokusaidia, maharage ya mchana yanajitahidi, lakini chai na maandazi hayana kitu. Maandazi mawili na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari yanakaribia kalori 500 na protini ya kuhesabu kwa vidole. Saa nne njaa imerudi, na mwenye karanga za kukaanga anapita dirishani kwako. Nakosea?

Kwa hiyo hamisha sheki. Itoke usiku, ije asubuhi, mahali pa chai na maandazi. Nasema mahali pake. Ukiongeza juu yake tumerudi palepale. Kijiko kimoja kilichofutwa, maji ya baridi, nusu ndizi ukipenda. Asali na siagi ya karanga ziache kabatini. Kula na yai moja la kuchemsha, kwa sababu cha kunywa peke yake hakikai tumboni kama cha kutafuna. Usiku ukishakula, umekula.

Kopo la tatu likiisha, sikushauri la nne. Kijiko chako kimoja kina gramu 24 hivi za protini na kinakugharimu shilingi 4,000. Mtaani kwangu yai ni shilingi 400. Mayai manne ni gramu zilezile 24 kwa 1,600. Mayai mawili na glasi ya mtindi, gramu 20. Maharage makavu, gramu 110 kwenye mizani yangu, yanafika hapohapo kwa bei ambayo nikiitaja utamkasirikia mwalimu wa jimu. Na dagaa wa Mwanza tunaowadharau siku hizi kwa sababu ya harufu: wakikauka vizuri, karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na mifupa yao tunaila, tunapata madini ya chokaa bure. Wachambue, waoshe kwa maji ya moto, watie nyanya, kitunguu na ndimu, mafuta kijiko kimoja. Shida ya dagaa inaanza pale wanapoogelea kwenye mafuta lita nzima.

Poda ina nafasi yake kwa mtu anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na hana pa kuchemshia yai. Wewe umeniambia unatoka saa moja.

Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na wiki ya kwanza mizani inaweza isitikisike. Jipime kiuno kwa futi ya fundi kila Jumamosi asubuhi kabla ya kula. Huyohuyo fundi mwambie asilikate pindo la ndani la gauni mpaka wiki ya mwisho.

*Salaam aleikum Bi. Mimi ni mtu wa miaka 57, Mombasa. Nina sukari mwaka wa nne sasa, na presha, natumia vidonge. Kijana wangu yuko Doha, amekuja likizo na makopo mawili ya protini. Ati Uingereza watu wameacha dawa za sukari kwa kunywa sheki. Mama watoto asema zitaniua figo. Nani mkweli?*

Wa aleikum salaam kaka yangu. Kila mmoja ameshika kipande.

Habari ya kijana wako ni ya kweli. Utafiti ulifanyika Scotland na Tyneside, hukohuko Uingereza, ukachapishwa mwishoni mwa 2017: watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka sita. Nusu yao waliacha chakula cha kawaida kwa miezi mitatu hadi mitano, wakawa wanakunywa sheki na supu za kalori 800 na kitu kwa siku, kisha wakarudishwa kwenye chakula polepole. Baada ya mwaka, watu 46 katika kila 100 wa kundi hilo sukari yao ilikuwa imetulia bila dawa. Katika kundi lililoendelea na matibabu ya kawaida walikuwa 4. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, 86 katika kila 100 walifanikiwa. Unaona kilichofanya kazi: uzito uliotoka.

Lakini hizo hazikuwa poda za jimu. Zilikuwa chakula kamili, zimetiwa vitamini na madini, zimepimwa. Pia vidonge vya sukari na vya presha vilisimamishwa siku ya kwanza, na wahudumu wakawafuatilia. Waliokuwa wakitumia insulini hawakuchukuliwa. Wewe ukiacha ugali na chapati ukanywa sheki, huku unaendelea kumeza, tuseme, glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) kama kawaida, sukari inaweza kuanguka ukiwa peke yako kwenye tuktuk. Hilo linanitisha kuliko figo.

Sasa upande wa mama watoto. Mtu mwenye figo nzima, protini ya kiasi haimdhuru. Ila sukari na presha ndiyo magonjwa yanayoongoza kuharibu figo, na wewe unayo yote mawili. Figo ikianza kuharibika haiumi. Mtu anatembea, anacheza bao, hajui. Mwenye figo zilizochoka protini hupunguziwa, haongezewi. Kabla hujafungua kopo, kapime figo: kriatinini kwenye damu na albumini kwenye mkojo. Majibu yakiwa mazuri, kijiko kimoja badala ya mkate wa asubuhi hakina neno, na daktari wako ajue ili atazame vidonge. Yakiwa mabaya, kijana arudi nayo Doha.

Moja zaidi: soma kopo. Kama limeandikwa "gainer", hilo ni la kuongeza mwili. Mengine mgao mmoja una kalori zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa sukari na wanga. Ndiyo makopo makubwa kuliko yote dukani, na kijana anayetaka kumfurahisha babake hushika kubwa.

*Dada, niko chuo Dodoma, miaka 20. Rafiki yangu ananiuzia sheki ya kupunguza tumbo siku 14, iko kwenye mfuko wa nailoni, ameniambia inatoka nje. Siku ya nne leo sisikii njaa kabisa, mdomo unakauka, silali, na moyo unanienda mbio hata nikikaa. Hii si ndiyo inafanya kazi?*

Hapana mdogo wangu, na hili nakujibu bila kupima kitu jikoni. Protini haikaushi mdomo wala haimkimbizi mtu moyo. Dalili hizo nne kwa pamoja zinanifanya nishuku kuna dawa ndani. Ipo moja, sibutramini, iliyokuwa ikitolewa hospitalini kupunguza hamu ya kula. Iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kiharusi na mshtuko wa moyo, na tangu hapo imekuwa ikikamatwa tena na tena ndani ya poda, vidonge na kahawa "za asili" za kupunguza mwili. Siwezi kusema ndiyo iliyomo kwenye mfuko wako. Maabara tu ndiyo itakayosema. Ila chakula cha kopo hapa kwetu kinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na mfuko wa nailoni usio na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo wala tarehe haujapita kwa mtu yeyote. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kimetembezwa mpaka bwenini kwako.

Acha leo, usisubiri siku ya 14. Usinywe kahawa wala vinywaji vya kuongeza nguvu. Leo hiihii nenda zahanati ya chuo wakupime presha na mapigo. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, usiende peke yako na usisubiri foleni. Huo mfuko usiutupe. Uende nao, daktari atataka kuuona.